Wankyo, Usifungue Mlango

Buswahili, Butiama
Jumamosi, 12 Julai 2025

Kwako dada Hyasinta,

Shikamoo kwa huo mwaka mmoja ulionizidi, na usiringe. Habari za Nyasho? Kifua cha mama yako kimetulia? Sisi hapa wazima, ila mgongo wangu una malalamiko. Tangu tufunge chuo nashinda na mama shambani tunang'oa mihogo, na simu haishiki mtandao mpaka nipande juu ya kichuguu kama mbuzi. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu.

Muvi zetu za Jumamosi nazikosa. Mule bwenini tulikuwaga tunagombana kweli, wewe ukisema wanaume wa kwenye muvi za zamani walijua adabu, mimi nikisema walikuwa wanavaa kofia tu. Sasa likizo isituachanishe. Shangazi Matrida anakuja Musoma kila wiki kuchukua dagaa, huyo ndiye posta yetu. Nakutumia flash yangu ina muvi tano za kale. Kaa nayo wiki mbili, andika uliyoyaona, uirudishe niangalie na mimi kwenye deki yetu nikiwa na barua yako mkononi. Itakuwa kama tumekaa kitanda kimoja, tofauti ni kwamba hutamaliza karanga zangu.

Ile ya tatu iangalie vizuri. Sikuambii kwa nini. Nataka ucheke kwanza, halafu nitakueleza.

Mdogo wako,
Wegesa


Nyasho, Musoma
Ijumaa, 25 Julai 2025

Mdogo wangu Wegesa,

Marahaba, na heshima hiyo iendelee. Mama anakohoa asubuhi tu sasa, anakusalimia. Mama yako hajambo? Pole na mihogo.

Nimeziangalia zote, kila Jumamosi na Jumapili, nimefunga mlango wadogo zangu wasinisumbue. Ile ya mjane na mwenye nyumba nimelia mpaka mama akauliza nani kafa. Ya askari wa mpakani ni upuuzi, na najua wewe utaipenda.

Sasa hiyo ya tatu, jamani! Wegesa, umeitoa wapi? Wazungu wanaongea, juu yao kuna jamaa anaropoka Kiswahili, eti anatafsiri. Stesheni ya treni kaiita Bunda. Yule dada wa watu kampa jina la Wankyo, na kila mlango ukigongwa jamaa anapiga kelele, "Wankyo, usifungue mlango! Wankyo, nakwambia!" Nakiri hapo nilicheka. Lakini picha imejaa chenga, na kabla ya mwisho ikaganda kabisa.

Unanijua mimi na vitu vichafu. Nilikwenda laibrari ya muvi kwa Evance, hapa hapa Nyasho, akaitafuta muvi yenyewe, picha safi kama maji, maneno ya Kiswahili yanapita chini, na mwisho wake upo. Flash ilikuwa imejaa, kwa hiyo ile mbovu nikamwambia aifute, akaweka hii. Usinishukuru. Nakurudishia flash yako.

Dada yako akupendaye,
Hyasinta


Buswahili
Jumapili, 3 Agosti 2025

Hyasinta,

Habari za huko. Sisi tupo.

Yule jamaa anayeropoka ni baba yangu.

Nilikuambia alifariki mwaka wetu wa kwanza. Sikukuambia kazi aliyokuwa anafanya. Alikuwa na banda la video Kabasa, kule Bunda. Watu hawakujua Kiingereza, kwa hiyo alikuwa anasimama pembeni ya TV na maiki, anawatafsiria. Na yeye Kiingereza alikuwa hajui vizuri, alikuwa anatunga. Wankyo ni mama. Alikuwaga anakaa mlangoni na mimi mgongoni, na baba alimwita hivyo kwa makusudi ili watu wageuke wamwangalie, mama aone aibu. Siku moja mtu akamrekodi. Ni hiyo moja tu. CD yenyewe ilikwanguka, ikawa inaganda pale Wankyo anapokamata komeo, na flash ndiyo ilikuwa imebaki.

Tarehe 30 mwezi huu ni misa ya kumkumbuka. Kila mwaka tukitoka kanisani watu wanakuja nyumbani, wanakula, halafu mama anasema, "Haya, mwekeni Boniphace aongee." Sijamwambia. Sijui namwambiaje.

Nilitaka ucheke kwanza ndipo nikuambie ni baba. Nilikuwa naona fahari.

Wegesa


Nyasho
Jumatano, 6 Agosti 2025

Wegesa mdogo wangu,

Sijui niulize vipi hali yako wakati hali yenyewe nimeiharibu mimi.

Nisamehe. Niliisoma barua yako nimesimama, nikakaa chini. Nilikimbia kwa Evance na kandambili. Ametumia programu mbili kwenye kompyuta yake kutafuta kama imebaki hata kipande, amekosa. Aliniuliza kama nilikuwa na nakala. Nimelia mbele za watu, Wegesa, nimemwita baba wa mtu jamaa anayeropoka.

Nimeona hukuandika "mdogo wako". Sikulaumu. Niandikie hata kunitukana.

Dada yako,
Hyasinta


Kabasa, Bunda
Jumapili, 17 Agosti 2025

Wegesa,

Salamu kwako na kwa mama. Shangazi Matrida kaniambia barua yangu uliipokea ukaifunga kwenye pindo la khanga bila kuifungua. Hii ifungue, tafadhali, si ya kuomba msamaha.

Nimekuja Kabasa kwa baba mdogo. Siku nne nimezunguka nikiuliza banda la Boniphace. Siku hizi ni saluni. Nilifikiri labda kuna mtu ana CD nyingine, lakini hakuna, nimegonga kila mlango. Ila nilikutana na kinyozi anaitwa Samwel. Nilipomtajia ile muvi aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akaanza. "Abiria wa Bunda shukeni, wa kwenda mbele mna roho ngumu!" Mteja naye akadakia. Mama mmoja wa mkaa kutoka ng'ambo ya barabara akapiga kelele, "Umeruka pale pa mbwa!" Walikuwa wakija kila Jumapili, Wegesa, miaka. Wameikariri kama Baba Yetu.

Sauti yake siwezi kuirudisha, na sitakudanganya. Maneno yake yapo. Samwel yuko tayari kuja tarehe 30, muiweke ile muvi safi niliyokutumia, mzime sauti, yeye aseme kama baba alivyosema. Mkikataa, ni haki yenu. Mimi mwenyewe sitakuja, sina uso wa kumtazama mama yako.

Dada yako, kama bado unaniruhusu,
Hyasinta


Buswahili
Jumatano, 27 Agosti 2025

Hyasinta,

Salamu. Mwambie aje. Misa ni saa tatu.

Wegesa


Buswahili
Jumapili, 31 Agosti 2025

Kwako Hyasinta,

U mzima? Mama yako je, hata hicho kikohozi cha asubuhi kimeacha? Sisi tumechoka kwa kuosha sufuria, lakini wazima.

Mama nilimwambia jana alfajiri akiwa anapepeta mtama. Hakusimama. Akauliza, "Huyo mwenzako alikuwa anataka kukutengenezea kitu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kavunja chungu akikiosha," akaendelea kupepeta. Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba analia. Nakuambia ili ujue yote mawili.

Samwel alikuja amevaa suti. Watu walijaa mpaka uani. Tulipozima sauti akasimama pembeni ya TV, akaanza, na haki ya Mungu watu walicheka palepale walipokuwa wanacheka zamani. Pale pa mbwa akakosea. Mama akamkata, "Hakusemaga hivyo! Alisemaga, huyo mbwa ana hekima kuliko diwani." Ikawa Samwel anasema, mama anasahihisha.

Halafu tukafika kwenye komeo. Mlango ukagongwa, watu wote wakapaza sauti, "Wankyo, usifungue mlango!" Tukangoja, maana hapo ndipo ilipokuwaga inaganda. Haikuganda, Hyasinta. Picha yako ikaendelea. Samwel akamgeukia mama, kwa sababu kule Kabasa hapo ndipo mafuta ya jenereta yalipokuwaga yanaisha, na baba aliwaahidi mwisho Jumapili ijayo. Mwisho wake hakuna aliyewahi kuusikia.

Mama akainuka. Alikuwa anaangalia TV tu, hakutuangalia sisi. Akasema polepole, "Wankyo anafungua. Anatazama huku, anatazama huku. Hakuna mtu. Basi, anaurudisha mlango, anakwenda kuinjika ugali, mtoto hajala."

Kwenye picha yule dada alikuwa amekaa kitini analia, lakini sisi tulimsikia mama.

Bado nina hasira na wewe. Nikimkumbuka baba naitafuta sauti yake sikioni, nakuta ya Samwel, inaniuma. Lakini mama anauliza utakuja lini, anasema aliyeleta mwisho aje ale. Muvi nyingine nne sijaziangalia. Sikutaka kuziangalia peke yangu. Njoo Jumamosi na shangazi, kabla chuo hakijafunguliwa. Karanga ninazo.

Mdogo wako,
Wegesa