Betri Juu ya Kitenge Chako

Mdogo wangu Mama Limi,

Mwangaluka hapo Tinde. Twiga wa kwenye picha usimjali, Geita hayupo, dukani zilibaki kadi hizo tu.

Jana kwaya yetu ilikwenda kuimba machimboni. Lori likanasa kwenye tope, tukashuka kutembea na vyombo. Betri ya gari, ile inayoendesha spika, wanaume wakataka kuilaza begani. Kabula wangu, ambaye ndiye fundi wa vyombo vyote hivyo, akapiga kelele, "Msiilaze! Maji yake yakimwagika hatuimbi!"

Nikasema leteni huku. Nikakunja ngata, nikajitwika.

"Mama, hiyo si ndoo," akasema mwenyekiti wa kwaya.

"Baba, wewe tangulia."

Nikafika nayo imesimama wima. Wachimbaji walikuwa wanaponda mawe kwa nyundo, hata sauti yako mwenyewe huisikii. Kabula akaunga nyaya zake, spika ikanguruma, nyundo zikatulia moja moja mpaka kambi nzima ikawa inatusikiliza. Nani mwingine ana binti kama huyo?

Sasa ndugu yangu, ile ngata ilikuwa kitenge chako cha bluu ulichoniazima. Maji ya betri yalivuja kidogo, kimetoboka katikati, mkono unapita. Nitakuletea kingine, rangi utachagua. Ila kisingekuwa kitenge chako, leo ungekuwa na dada mwenye upara.

Wanao nawasalimu wote, Limi zaidi.

Dada yako,
Mama Kabula