Wiki Tano kwa Jina Lako

Bi Rukia, mwalimu wangu,

Nimefanya jambo la aibu, na sina wa kumwambia ila wewe.

Tulipokuzika, idara ya elimu ilinipa mimi, msaidizi wako, kazi moja: niwaarifu wale walimu kumi na mmoja uliokuwa ukiwafunza kwa mtandao namna ya kusomesha kwa vishikwambi. Nikafungua ukurasa wako niandike tanzia. Nikakuta Mwalimu Halima wa Pate ametuma somo lake, aomba umsahihishie upesi, kesho yake anakaguliwa. Wallahi, mkono ulikataa kuiandika tanzia. Nikamsahihishia. Kwa jina lako.

Na kesho yake tena. Wiki tano, Bi Rukia! Nilijiambia nitawavunja moyo karibu na mtihani wa wanafunzi wao. Uongo mtupu. Ni mimi niliyeshindwa kukuacha uende.

Halima akaanza kuuliza, mbona siku hizi waandika tu, hutumi sauti? Nikamjibu una mafua. Mafua ya wiki tano, jamani! Juzi akaandika: "Ijumaa naja Mombasa, nitapita kwako Ndia Kuu."

Ijumaa nilimtangulia mlangoni kwako, nimesimama barazani kama mwizi. Akaja na kikapu cha ng'onda, samaki wa kukaushwa. Nikamwambia yote pale pale, hata salamu hatujamaliza.

Hakupiga kelele. Alitua kikapu chini, nikatamani anizabe kofi yaishe. Kisha akasema: "Nilijua si yeye. Bi Rukia hakupata kunisahihisha kabla ya kuniuliza mamangu yu hali gani. Nikaelewa ametutoka. Nimekuja kuhani, kuwapa pole."

Miaka sita nilikaa kando yako, nikikusikia ukianza kila ujumbe kwa "Hujambo mwanangu, na mama?" Nami nikikuonyesha saa, ufupishe! Mashine zote nilizijua mimi, na hilo likanipita.

Leo asubuhi nimewarekodia wote, mmoja mmoja, kwa sauti yangu hii ya kukwaruza. Kwanza nimewauliza hali ya watu wa nyumbani. Kisha nimewaambia umekufa, neno nililolikimbia muda wote huu. Tisa wamejibu. Wawili kimya, na nina hofu nimewapoteza. Nitawatafuta hata kama ni kwenda kuwabishia hodi.

Ukurasa wako nimeufunga. Pumzika sasa, mwalimu wangu, sitakusemea tena.

Halima asema mamake miguu bado yamsumbua. Kesho nitamuuliza tena, kabla sijafungua somo lake.

Mwanafunzi wako,
Kadzo