Nilishika Sikio

Jumatatu, 2 Oktoba
Barua pepe kutoka Lisbon! Tamasha la muziki lenyewe, jukwaa kubwa, mwezi wa tano. Mimi na kawali, nyimbo za dini za bibi, mwenzangu Tabrez na gitaa na mashine yake ya midundo. Nimeisoma mara sita.
Ila mstari wa mwisho: wanafurahi kumpokea mwanafunzi wa Ustadi Karam Hussain, mwalimu mkuu wa kawali. Mwanafunzi gani? Mimi nimejifunza jikoni, nikisikiliza nyimbo kwenye simu ya kaka.

Jumanne, 3 Oktoba
Tabrez kagundua. Ni yale mahojiano ya mtandaoni. Nilisema nampenda Ustadi Karam Hussain, papo hapo spika ya sikioni ikawa inachomoka — nikaishika. Basi. Hapa Multan, na Pakistan nzima, anayemtaja ustadi wake hushika sikio kwa heshima, hata mtoto anajua. Watu laki mbili wameniona, wakaamini ni mwalimu wangu.
Tabrez anasema tunyamaze, hiyo spika imetufikisha Ulaya. Amma, mama yangu, anasema nikinyamaza nimeiba jina la mzee wa watu.

Alhamisi, 5 Oktoba
Waqar, mtoto wa Ustadi, kapiga simu. Eti baba yake hajawahi kufundisha mwanamke, sembuse mwanamke wa mashine. Niseme ukweli, la sivyo atawaandikia Lisbon yeye mwenyewe.
Miaka minne tunapiga harusini, tunaambiwa tupunguze kelele, bibi harusi anaumwa kichwa. Redioni wanauliza: nyie ni kawali au roki? Amueni! Na mlango wa kwanza kufunguka, umefunguliwa na uongo ambao sikuusema.
Nimeandika. Nimefuta. Nimeandika tena.

Ijumaa, 6 Oktoba
Nimetuma. Sina ustadi, sijawahi kuwa mwanafunzi wa mtu. Tabrez hasemi nami.

Jumapili, 8 Oktoba
Lisbon wamejibu. Asante kwa ukweli — lakini jukwaa lile ni la muziki wa urithi, kutoka ustadi hadi mwanafunzi. Wanataka barua ya ustadi, yeyote, kabla ya Jumatano. Ustadi yeyote! Kama vile wanauzwa gengeni.

Jumanne, 10 Oktoba
Niko bafuni kwa Ustadi Karam Hussain. Nimeomba ruhusa ya kunawa.
Kaniita mwenyewe. Imba, akasema. Nikaimba, yeye anatafuna tambuu, macho kafumba. Nani kakufundisha kuvuta pumzi hivyo? Hakuna, nikasema. Muongo wewe, akasema, kisha akacheka. Waqar, lete uzi.
Uzi mwekundu na sinia la laddu, vile vitamutamu vya duara. Akinifunga mkononi, mimi ni mwanafunzi wake. Barua anaandika leo hii, Lisbon ipo. Sharti moja: miaka mitatu nisiimbe na mashine. Jifunze kwanza, mwanangu, ndipo uvunje.
Kinachoniuma, pengine ana haki.
Tabrez kanileta hata hivyo, ananisubiri barabarani, juu ya pikipiki, mashine mgongoni. Hajui lolote kuhusu sharti.
Waqar anagonga. Dada, baba anasema laddu zinaliwa na nzi. Nje honi inalia, mara mbili, mara tatu. Sikio linaniwasha vibaya. Naogopa kulishika.