Mkono Juu ya Kichwa cha Mama Yako

Petero, ndugu yangu,

Nianze na mama yako, maana ndiye ungeniuliza kwanza. Yu hai. Yuko kwangu hapa Rumonge, chumba kimoja na binti zangu. Nyumba yake haipo tena. Waliichoma.

Siku daktari wa Kijerumani alipokupapasa shingo, akakuta tezi zimevimba, akaamuru upelekwe kambi ya wagonjwa wa malale, uliniambia, "Hamisi, nitarudi kabla ya mvua." Mvua ikaja, na nyuma yake habari ya kifo chako.

Tangu hapo nachinja kwa uzito. Kila nikimlaza mbuzi nakusikia ukiuliza. Padri alikupa kazi ya kuwafundisha watu wa misheni, kwa Kiswahili, habari za makuhani wa Israeli wa kale, nawe ukaja kwangu, mchinjaji Mwislamu, nikuoneshe figo zilipo na mafuta yanavyozifunika, yale makuhani waliyoyateketeza. Wateja walicheka. Hukujali. Ulipenda zaidi habari ya maskini: asiye na kondoo alileta njiwa wawili, na asiyeweza hata njiwa alileta unga kidogo, naye akapokelewa. "Unga, Hamisi!" ulisema. "Hata mama yangu angeweza."

Nilikuuliza kwa nini mwenye mnyama alimwekea mkono kichwani kabla ya kumchinja. Sisi siku ya Iddi tunamwelekeza kibla, tunataja jina la Mungu, basi. Ukasema mkono ule ulikuwa maneno. Mtu alisema bila kufungua kinywa: huyu asimame mahali pangu, damu yake ni uhai, na uhai uliopaswa kutolewa ni wangu. Ndiyo maana alichaguliwa asiye na kilema. Kisha ukanieleza habari ya yule mbuzi wa siku ya toba ambaye hakuchinjwa. Kuhani alimwekea mikono yote miwili, akaungama makosa ya watu wote juu yake, naye akapelekwa nyikani akiwa hai. Nikasema huyo ndiye aliyepata bahati.

"Sijui," ulisema. "Huyo ndiye ananisumbua."

Sasa ananisumbua mimi.

Ulipokufa ugonjwa haukukoma. Mtoto wa Kabura, yule mvuvi, akaanza kusinzia mchana, chakula kikiwa mdomoni. Alikuwa amekula ndagala, dagaa alizoanika mama yako. Watu wakakumbuka kwamba mama yako ameuguza wengi na kuwazika, na mwenyewe hajaugua. Neno la uchawi likatoka mitumbwini likafika sokoni. Asubuhi moja wakamshusha ufukweni na kikapu chake. Walitaka kumvusha hadi ng'ambo ya ziwa, Kongo, wamwache asikojua mtu, malale iende naye.

Nilikuwa na kisu kiunoni, Petero, sikukigusa. Nikasimama kati yake na mtumbwi.

"Kabura," nikasema, "kama anabeba ya kwetu, tumtwike kwa haki. Weka mkono kichwani mwake. Sema mbele ya wote ni kosa gani unampa aende nalo."

Nilidhani ataona haya. Akauweka. Mkono ule mzito wa kuvuta nyavu, juu ya mvi za mama yako, na mama yako akafumba macho. Kabura alipofungua kinywa kilitoka kilio. "Iko analala tu," alisema. "Mutoto wangu hanijui tena."

Mama yako akaushika mkono ule, akaushusha taratibu. Akamwambia kwa Kirundi, "Ihangane, mwana wanje." Vumilia, mwanangu. Yeye, aliyetoka kukuomboleza wewe bila hata kuuona mwili wako!

Kabura akaondoka. Wengine hawakukubali kumwekea mkono, wala hawakwenda makwao. Walipanda hadi nyumbani kwa mama yako na moto. Mimi nikamwongoza mama njia ya nyuma, akiuliza moshi ule ni wa nini, nami nikamshika mkono tuharakishe.

Mtoto wa Kabura amekufa. Sijui baba yake anaamini nini sasa. Nyama ninayouza inaoza, watu wananipita kana kwamba sipo. Mke wangu Zaituni anampa mama chakula kwa mikono miwili, kwa heshima, kisha anawapapasa shingo binti zetu akidhani simwoni. Na serikali imeamuru pwani yote ihame, tupande milimani, mbali na mbung'o, inzi waletao malale. Waliochoma watahama, na waliochomewa watahama. Sote tunapelekwa nyikani, Petero, na hakuna aliyeungama.

Ulinieleza maana ya damu. Yule mbuzi aliyebaki hai hukunieleza, ukafa. Mungu alimtazama kule nyikani? Alimpa maji? Namuuliza nani sasa? Padri simfahamu vizuri, na shehe atashangaa.

Siwezi kukuambia lala salama. Huku kwetu hakuna anayelitamka tena neno la kulala. Nakuambia kaa kwa amani. Mlimani nitajenga nyumba ya mama yako kabla ya yangu, mlango wake ukiangalia wa kwangu. Na atakayekuja kumtoa, atanikuta.

Jana aliniita mwanangu. Nimeitika.

Hamisi