Mistari ya Mkaa Ukutani Kwetu

Mama Tumaini, mke wangu,

Barua hii sina pa kuipeleka. Ulipo hakufiki posta, na mimi mwenyewe sijasimama kaburini kwako tangu siku tuliyokuzika, masika zimeshapita mbili. Naandika nimekaa juu ya ndoo ya rangi chumbani kwangu Kizota, hapa Dodoma, nje wanachomelea mageti na kelele haziishi. Shule niliachia darasa la tano, unajua, kwa hiyo nitaandika ninavyoongea.

Nataka kukuambia habari ya ule ukuta.

Unakumbuka tulivyoijenga nyumba yetu Kibakwe. Tofali tulichoma wenyewe, mchanga ukawa unauchekecha wewe, maji unapandisha nayo kilima kutoka mtoni. Mimi nilipiga plasta, wewe ulichanganya, na ulikuwa unanigombeza nikichelewa kulimaliza karai, unasema simenti itaganda na mkono wako umeshachoka. Tulikwenda hivyo chumba kwa chumba mpaka simenti ikaisha. Kikabaki kipande kimoja sebuleni, mkabala na mlango, upana kama wa mlango wenyewe. Mtu akiingia tu, hicho ndicho anachokutana nacho, tofali tupu. Nikakuambia naenda Dodoma kutafuta kazi, nitarudi na mifuko ya kumalizia. Ukacheka.

"Fundi plasta," ukasema, "nyumba yake ina kiraka."

Nilikuwa mkali na plasta yangu, sikatai. Tumaini alipofuta mkono wenye mlenda ukutani nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Basi ulipotaka kumpima urefu hukugusa kweupe, kwenye plasta na chokaa yangu. Ulimsimamisha kwenye zile tofali, ukamwekea kifuniko cha sufuria kichwani, ukachora mstari kwa mkaa. Kila nikirudi likizo nilikuta mistari imepanda. Nikisema sasa nimalizie, simenti ninayo, unanizuia. Ulikuwa unasema hapo ni pako, mimi nibaki na kweupe kwangu.

Mara ya mwisho tumbo lilikuwa kubwa. Uliinama kwa shida, umeshika ukuta, ukachora mstari mmoja chini kabisa, juu kidogo ya sakafu.

"Huu wa anayekuja," ukasema. "Akifika tutaona kama nimekisia sawa."

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa juu ya ile bodaboda, uchungu umekushika, na barabara ya kwenda hospitali Mpwapwa imekatwa na maji. Mimi nilikuwa Dodoma juu ya jukwaa la mbao, napiga plasta ofisi ya watu. Nilifika jioni, maji yameshapungua, nikakukuta umeshalazwa sebuleni, kanga yako ya njano juu, na mtoto pembeni yako. Tuliwazika pamoja. Usiku ule nililala nje na wanaume wengine. Asubuhi nikaingia ndani kuchukua koti, macho yakaenda kwenye ule mstari wa chini. Nikachukua koti nikatoka, na sijaingia tena.

Tumaini analelewa hapo hapo Kibakwe na kaka yangu Yohana na mkewe. Hakosi kitu. Kaka Yohana alikuwa akipiga simu kila mara, habari yake ni moja, niende nikamalizie ukuta, watu wa kanisani wanauliza. Alisema wanashangaa fundi anayejenga makao makuu ya nchi, kwake ukifungua mlango unatazamana na tofali. Mimi nilikuwa namjibu nitakuja. Sikumwambia kwamba naogopa.

Sasa sikiliza. Jumatatu iliyopita simenti haikufika kazini, tukaambiwa turudi nyumbani. Masima, yule Mgogo ninayefanya naye kazi, akaniambia kuna dada anatafuta mtu wa kubeba maji na kiti, ana wageni anawatembeza mjini kwa miguu. Nikauliza wageni gani. Akasema Wayahudi.

Nilicheka, mama Tumaini. Mimi Wayahudi nawajua wa kwenye Biblia tu, wa Musa na Farao. Sikuwahi kufikiri kwamba wapo wanaotembea na kofia ya jua na chupa ya maji. Masima akaniambia, "Ukiona wanaelekea Bahari ya Shamu, wewe geuza. Kesho tuna zege."

Yule dada anaitwa Neema, kasoma historia hapa hapa chuoni. Wageni walikuwa wanne, bibi mmoja mzee jina lake Ruti, watoto wake wawili na mkwe. Nikamwamkia bibi shikamoo. Akaitika marahaba vizuri kabisa, kumbe alikuwa amefundishwa njiani, na hilo ndilo neno pekee alilokuwa nalo.

Dada Neema alieleza na mimi nikasikia, maana kila alichowaambia kwa lugha yao alinigeuzia na mimi kwa Kiswahili, ingawa nilikuwa mbeba kiti tu. Alisema zamani, kabla ya uhuru wetu, huko Ulaya Wayahudi walikuwa wanauawa, wanakusanywa familia nzima nzima. Waliowahi kukimbia walikwenda popote palipowapokea. Wachache sana wakaishia huku kwetu, katikati ya nchi, kwenye vumbi hili. Mama yake bibi Ruti alikua hapa Dodoma. Hakuna sinagogi waliloacha wala kibao chochote. Urithi wao wa mji mzima tuliumaliza asubuhi moja.

Tulianzia stesheni ya zamani. Hapo ndipo babu yake bibi Ruti aliposhuka na mkewe na sanduku moja. Alikuwa daktari wa mifugo, akawa anazunguka kutibu ng'ombe mpaka Mpwapwa. Niliposikia Mpwapwa nikainua kichwa. Nikafikiri labda aliwahi kupita barabara ile ile.

Tukaenda kwenye duka ambalo bibi yake alikuwa akishona nguo. Sasa wanauza makava ya simu. Dada Neema alipoanza kueleza, kijana wa duka akasema kama hatununui tusimzibie mlango. Bibi Ruti akanunua kava moja, ingawa simu yake haikuenea ndani yake.

Makaburini kulikuwa na miiba. Niliiondoa kwa mguu na ubao wa kiti, tukafika. Kaburi dogo, jiwe limeinama, lina maandishi ambayo hata wale watoto wa bibi Ruti walisoma kwa kusitasita. Mtoto wa kiume wa miezi michache, ndugu wa mama yake bibi Ruti, aliyekufa kwa homa. Hawakuweka maua. Waliokota kokoto chini wakaziweka juu ya jiwe, mmoja mmoja. Binti yake akanipa na mimi moja. Nilisimama nayo mkononi muda, wakanisubiri. Nikaiweka. Sikuiweka kwa ajili ya mtoto wao peke yake, na naona bibi Ruti alielewa, kwa sababu aliniangalia.

Nyumba tuliiacha mwisho. Siku hizi ni stoo ya magodoro. Mwenyewe, mzee mmoja mcheshi, alisogeza magodoro tukaingia. Bibi Ruti hakuangalia dari wala madirisha. Alisimama mlangoni akaangalia ukuta wa mbele yake, ukuta mweupe, safi. Akamuuliza Dada Neema kitu. Nikaona uso wa Dada Neema umebadilika.

Akatueleza kwamba kwa Wayahudi mtu akijenga nyumba huacha kipande cha ukuta bila plasta, dhiraa moja kwa dhiraa moja, mkabala na mlango. Wanafanya hivyo kukumbuka hekalu lao la Yerusalemu lililobomolewa. Babu yake bibi Ruti alipopata nyumba hii alibandua plasta mahali hapo kwa mkono wake. Halafu ndugu zake waliobaki Ulaya wakaacha kuandika. Barua hazikuja tena, wala hakuna aliyerudi kusema walikufa siku gani au wamezikwa wapi. Kuanzia hapo babu alikuwa akikaa mbele ya tofali zile kila Ijumaa jioni.

Mama Tumaini, nikauona ukuta wetu. Nilikikunjua kile kiti cha bibi nikakalia mimi.

Mzee wa magodoro alikuwa anajikuna kichwa. Akasema, "Tulipakuta tofali tupu, tukadhani fundi alikimbia na hela. Tukapaziba." Watu wakacheka kidogo, hata bibi Ruti alipotafsiriwa alicheka. Lakini alikwenda ukutani akawa anapapasa, hajui ni wapi. Nikainuka, nikagonga kwa kidole mpaka sauti ikabadilika, nikamwonyesha. Nikamwambia Dada Neema nyumbani kwangu nina tindo na nyundo, mzee akikubali naweza kupafungua sasa hivi bila kuharibu pembeni. Mzee akakubali. Bibi Ruti akakataa. Aliweka kiganja pale nilipogonga, akakaa hivyo.

Dada Neema akanigeuzia maneno yake: "Anasema hapana. Anasema babu yake alikuwa akiwaambia huzuni ni lazima uipe mahali pa kukaa, la sivyo itazurura nyumba nzima. Mahali pake papo. Wamepafunika tu."

Nilirudi Kizota kwa miguu ingawa walinipa nauli. Njia nzima nilikuwa nawaza simu nitakayompigia kaka Yohana. Nilikuwa nimeyapanga maneno: pale mbele ya mlango pasiguswe, pabaki vile milele, na wanaouliza waambiwe mwenye nyumba ndivyo alivyotaka. Nilijiona kama mtu aliyepona. Nikawaza nitarudi, nitalala humo ndani, nitaona ile mistari kila asubuhi na sitakimbia.

Kaka Yohana alipokea simu kwa furaha. Kabla sijafungua mdomo akasema alikuwa anataka kunipigia. Vijana wa kanisa walichanga simenti, Jumamosi wakaja na shemeji akawapikia, wakapiga plasta ukuta ule na kuupaka chokaa siku hiyo hiyo. Ilikuwa wanifanyie mshangao. Alisema sasa nyumba inang'aa, mtu akifungua mlango anaona kweupe.

"Tumekusitiri, mdogo wangu," akasema.

Yale maneno niliyoyapanga nikayaacha. Alikuwa amechoka kwa ajili yangu, na nilisikia alivyoridhika. Nikamwambia ahsante kaka, Mungu awabariki. Kisha nikaomba kuongea na Tumaini. Alikuja, akaniamkia. Nikamuuliza kama ameuona ukuta.

"Baba, wameifunika mistari ya mama," akasema. "Niliwaambia. Wakasema baba atafurahi."

Nimekuwa nikifikiria tindo. Lakini mimi ni fundi, najua plasta ikibanduka inatoka na kila kilichokuwa juu ya tofali. Mkaa hauwezi kubaki. Nikiifungua nitakuta tofali safi na nitakuwa nimekuua mara ya pili. Kwa hiyo mistari ipo humo, gizani, na itaendelea kuwa humo. Bibi Ruti aliweza kuweka kiganja akatosheka. Mimi sijui kama nitaweza. Yeye alikuwa na miaka mingi ya kuzoea, na mimi nina hasira ambayo sina wa kumpa.

Ijumaa naomba ruhusa, napanda basi la Mpwapwa, halafu Kibakwe. Nitaanzia kaburini kwako, na kokoto nitaokota hapo hapo. Kisha nitafungua mlango. Nitamsimamisha Tumaini kwenye ule ukuta mpya, nimwekee kifuniko cha sufuria kichwani, nichore kwa mkaa juu ya chokaa ya watu, mimi niliyekuwa sitaki hata kidole kiguse. Halafu nitainama nichore na ule wa chini. Sikuwahi kuupima, nitaukisia kama ulivyoukisia wewe.

Usiku huo nitajaribu kulala ndani.

Ni mimi wako wa kweupe,
Baba Tumaini