Jina la Sura ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua duka saa mbili. Wateja wawili kufikia saa nne: mmoja dawa ya kupe, mwingine dawa ya minyoo. Katikati, kurasa tatu. Kitabu kizima kimeandikwa hivi, miaka saba, juu ya kaunta inayonuka dawa za mifugo. Leo sikuandika, nilisahihisha. Mchapishaji ametuma kurasa zilizopangwa tayari, anazitaka Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo ni mitamboni. Jina langu liko kwenye jalada. Nimeliangalia mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa.

Alhamisi, 6 Machi
Sura ya kumi na mbili. Mama anafariki. Nilikuwa natafuta makosa, nikajikuta nalia. Ni sura nzuri. Najua ni nzuri. Sijagusa hata nukta.

Jumamosi, 8 Machi
Kosa langu. Nilizipeleka kurasa nyumbani Muthetheni, kujigamba tu. Kaka yangu Mutua akaomba kusoma. Alisoma amesimama kando ya zizi. Alipomaliza sura ya kumi na mbili akanirudishia zote.

"Umemzika mtoto wangu," akasema.

Nikamwambia huyo ni Mama. Mama aliitwa Mumbua, nimwite nani? Akasema Mumbua yuko pale, anateka maji. Binti yake wa kwanza. Alipewa jina la Mama, kama ilivyo desturi yetu, na tangu akiwa mchanga Mutua humwita mwaitu, mama yangu. Anaugua kifua tangu azaliwe. Miaka saba nimeliandika jina hilo, na sikumfikiria mtoto hata siku moja.

Jumapili, 9 Machi
Mutua hakunisalimia kanisani. Nina hasira. Mimi ndiye niliyemuuguza Mama, yeye alikuwa Mombasa anatuma salamu. Wachapishaji wanne walinikataa. Sasa nimekubaliwa, ananiletea habari za jina. Nikilitoa, namzika Mama mara ya pili. Silitoi.

Jumanne, 11 Machi
Nimempigia mhariri. Mtu mpole. Kasema jina laweza kubadilishwa, mradi niamue kabla ya Ijumaa. Nimejaribu Ndinda. Nimejaribu Kalekye. Si Mama. Na kila jina ni la mtoto wa mtu.

Alhamisi, 13 Machi
Nimefunga duka mchana, nikaenda kwa Baba. Nilitaka awe upande wangu. Nimemkuta na Mumbua, wanapukuchua mahindi. Humwita mke wake, kwa utani, na mtoto hujibu kama mke kweli: amemuuliza kama amekunywa dawa. Mtoto alipoingia ndani nikamweleza Baba yote. Akatupa gunzi alilomaliza kupukuchua.

"Mimi nimebaki na Mumbua mmoja tu," akasema.

Akachukua hindi lingine. Nimeona haya, hata chai sikumaliza.

Ijumaa, 14 Machi
Nimelitoa. Mara thelathini na moja. Sikuweka jina lingine. Sasa ni Mama tu, mwanzo mpaka mwisho. Nimetuma saa tano asubuhi. Imeniuma. Naona kitabu kimepungua.

Jumamosi, 13 Septemba
Vitabu vimefika. Cha kwanza nimempelekea Baba. Amepapasa jalada, akauliza jina langu liko wapi, nikakiweka kidole chake juu ya jina. Kisha akaomba sura ya Mama. Macho yake hayashiki herufi siku hizi, nikamsomea. Mutua akaja, akaketi mlangoni. Hatujaongea vizuri tangu Machi.

Nilisoma polepole. Hospitali, blanketi la kijani, mkono wake ndani ya wangu. Nilipofika mahali pa pumzi ya mwisho, pale jina lilipokuwa, nikasoma "Mama" na kusita kidogo. Baba akalitaja mwenyewe, kwa sauti ya chini.

"Mumbua."

"Nakuja, babu," mtoto akaitika kutoka jikoni.

Akaja akifuta mikono. Mutua akasogea mlangoni kumpa nafasi, naye akaketi karibu na babu yake. Nikafungua ukurasa uliofuata.