Mjomba Niliyempata Kwenye Kahawa

Mpendwa mshauri Bi Nunu,

Shikamoo. Naomba unisaidie maana sina wa kumuuliza, mimi ni Rehani wa Miono, nina siku tisa tu hapa Bagamoyo, nimekuja kusoma fiqhi chuoni kwa Maalim Muhanna, nalala peke yangu chumba cha nyuma ya msikiti mdogo, ufunguo nauficha chini ya mtungi, na jambo lenyewe ni kwamba nimepata mjomba. Sikuwa naye nilipotoka nyumbani, lakini Jumatatu nilikaa kwa muuza kahawa, watu wakaniuliza habari za nyumbani, nami kama desturi ya kwetu nikazitoa zote, nikaanza na mama yangu Sikuzani na mguu wake unaouma, nikaja kwa dada Dija na posa iliyovunjika, nikamaliza kwa mbuzi, na Jumanne akanijia bwana mmoja, Mbaruku, kilemba kizuri, akanikumbatia huku analia, akauliza, "Mguu wa dada yangu Sikuzani umepona?" Bi Nunu, nami nikalia! Anamjua hata mbuzi wetu. Sasa anataka kesho Alhamisi, baada ya alasiri, twende wawili tu Mbegani kwenye karamu, nisimwambie Maalim eti atanikataza, na moyo wangu unasitasita ila naona haya kumkatalia mjomba. Nifanye nini?

Rehani mwanangu,

Marahaba. Mungu amponye mama yako mguu. Lakini wewe una nini? Huyo bwana anamjua mbuzi kwa sababu ulimtangaza mwenyewe mbele ya baraza zima! Kwenu Miono anayeuliza habari ni jirani, anastahili kuzipata zote. Hapa misafara inaingia kila siku, na mtu akikuuliza habari za nyumbani, jibu ni "njema", kisha unywe kahawa yako.

Nacheka, lakini naogopa pia. Wapo watu hapa ambao kazi yao ni kuiba wageni na kuwauza ng'ambo kwa siri. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alialikwa karamu ya namna hiyo, na mama yake mpaka leo anakuja kumuulizia.

Kwa hiyo Mbegani huendi. Leo hii, kabla hujala, mwambie Maalim kila kitu. Huyo mjomba akija, mpokee kwenye baraza ya Maalim, mbele ya wenzako, kwa heshima zote, umuulize babu yako amezikwa wapi. Hilo hukulisema kwenye kahawa, natumaini. Atakumbuka ghafla kwamba ana safari. Wala usione haya, mjomba wa kweli hamkimbii mwalimu wako.

Na jingine. Mimi na wewe hatujawahi kuonana, na barua yako nimeletewa na muuza kahawa, haikufungwa, naye ameshaisoma.

Hamisha ufunguo.